Ombi na Sharti

Kuna aina mbili za sentensi ambazo kila mwalimu wa sarufi hujitahidi kuwafundisha wanafunzi wake kuzitofautisha. Ya kwanza husema: "Ingefaa mlango ufungwe." Ya pili husema: "Juma, funga mlango." Zote mbili zahusu mlango mmoja, na aliyezisema huenda alikuwa na nia ileile. Lakini ni ile ya pili peke yake inayomfanya mtu ainuke kitini. Ya kwanza ni ombi lisilo na mwombwaji. Ya pili ni sharti, na sharti hilo lina mtu wake.

Nimeikumbuka tofauti hii mara nyingi katika miaka ya karibuni, kila nilipoketi kuyasoma maandiko ambayo mataifa yametoa kuhusu maadili ya akili mnemba. Wanasheria wamekwisha kuyachambua maandiko hayo kwa njia yao, nami sina haja ya kuwaingilia. Ninachotaka ni kuyasoma kama mhakiki anavyosoma kitabu chochote: nani anatenda, nani anatendwa, na nani hatajwi kabisa.

Hata jina lenyewe la kitu hiki bado hatujakubaliana. Wapo wanaosema "akili bandia", na neno hilo linanitia shaka, kwa kuwa sisi tumezoea kulitumia kwa noti bandia na dawa bandia, yaani vitu vya udanganyifu. Huko Kenya wengi husema "akili unde". Hapa Tanzania, "akili mnemba" ndilo linalosikika zaidi katika vyombo vya habari na ofisini, nami nitalifuata hilo. Silitaji jambo hili kwa ajili ya kubishana juu ya istilahi. Nalitaja kwa sababu kitu ambacho hata jina lake bado kinatafutiwa kwetu, tayari kimekwisha kutungiwa sheria kwingine, na sheria hizo zinatugusa.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba ni vigumu nchi mbalimbali kukubaliana juu ya maadili ya akili mnemba kwa sababu tamaduni zao hazilingani. Mzungu, husemwa, anajali faragha ya mtu binafsi. Mchina anajali utulivu wa jamii. Mwafrika anajali ujamaa na utu. Nilipoanza kusoma nilidhani nitakutana na ubishi mkubwa wa namna hiyo. Sikuukuta. Kwa maneno, mataifa yanafanana kiasi cha kuchosha. Yote yanataka haki, uwazi, usalama, uwajibikaji na heshima kwa binadamu. Mwezi Novemba 2023, huko Bletchley Park, Uingereza, nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilitoa tamko moja kuhusu hatari za mitambo hii. Marekani na China zilikuwamo, na kutoka Afrika zilikuwamo Kenya, Nigeria na Rwanda. Kama tatizo lingekuwa ni maneno, basi lingekwisha siku ile. Nionavyo mimi, tofauti iliyopo ni ya vitenzi na mipaka: neno linapewa nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo inakoma wapi.

Tuanze na andiko lililo pana kuliko yote. Novemba 2021, Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO uliofanyika Paris ulipitisha Pendekezo kuhusu Maadili ya Akili Mnemba, na nchi wanachama 193 zikalikubali. Sisi Waswahili tuna sababu ya pekee ya kuukumbuka mkutano ule, kwani ndio huohuo ulioitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka tarehe 7 Julai 1954 ambapo chama cha TANU, chini ya Mwalimu Nyerere, kilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha harakati za uhuru. Tulishangilia siku yetu, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliotazama karatasi ile nyingine iliyopitishwa katika ukumbi uleule.

Ni andiko zuri. Nalisema hilo bila kejeli. Linazungumzia mazingira, jinsia, elimu, afya, kazi, na nchi zisizo na uwezo mkubwa wa kiteknolojia. Mtu aliyeliandika, au tuseme watu wengi walioliandika, walijua kwamba dunia haiishii Ulaya na Marekani. Tena halina woga wa kutaja maovu. Linasema mitambo hii isitumiwe kuwapima raia alama kwa mwenendo wao, wala kuwachunguza umma kwa jumla.

Sasa tusome kwa jicho la sarufi. "Isitumiwe." Na nani? Sentensi haisemi. Kauli ya kutendwa ina adabu yake, na katika Kiswahili tunaipenda kwa sababu inamwepushia mtu aibu. Lakini pia ni maficho mazuri. Mahali ambapo mtendaji anatajwa, naye ni "nchi wanachama" karibu kila mara, kitenzi kinalegea: nchi zinapaswa, nchi zingefaa, nchi zinahimizwa. Kuna sehemu moja iliyonisimamisha kuliko nyingine. Inahusu uamuzi wa uhai na kifo, nayo yasema kwamba uamuzi huo, kwa kawaida, haupasi kuachiwa mtambo. Kwa kawaida! Maneno mawili madogo, na mlango umebaki wazi kidogo, kiasi cha kutosha jeshi kupita. Simlaumu aliyeyatia maneno hayo; bila shaka bila hayo nchi kadhaa zisingekubali. Hiyo ndiyo bei ya kuwakusanya watu 193 chini ya mwavuli mmoja: mwavuli unakuwa mpana, na kitambaa chake kinakuwa chepesi.

Andiko la pili ni la namna nyingine kabisa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na makatazo yake ya kwanza yakaanza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Hapa hakuna kuhimiza. Kuna vitendo vimepigwa marufuku: kuwapima watu alama za mwenendo zinazowaletea madhara yasiyo ya haki, kukusanya picha za nyuso kiholela kutoka intaneti ili kujenga hazina ya kutambulia watu, kusoma hisia za wafanyakazi kazini na za wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Anayevunja makatazo hayo aweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 35, au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Huyu ni "Juma, funga mlango", tena Juma asipofunga anajua atalipa nini.

Jirani yangu mmoja, fundi wa redio na simu, aliona nimezirundika karatasi hizi mezani akaniuliza: "Mwalimu, hiyo sheria ya Ulaya inatuhusu nini sisi huku?" Swali lake lilikuwa bora kuliko mengi niliyoyasoma. Nilimjibu kwamba inatuhusu kwa njia mbili, na ya pili si ya kufurahisha.

Njia ya kwanza ni kwamba kampuni kubwa haipendi kutengeneza mtambo mmoja kwa Ujerumani na mwingine kwa Tanzania. Ikilazimika kuwa na adabu Ulaya, huenda ikabaki na adabu hiyo kwingine kwa kuepuka gharama. Kwa hiyo twaweza kufaidika na uzio uliojengwa na jirani, kama mtu anavyopata kivuli cha mwembe usio wake. Njia ya pili ni hii: sheria ile yafuata soko la Ulaya. Yamshika anayeuza au kutumia mtambo ndani ya Umoja, na hata aliye nje iwapo matokeo ya mtambo wake yanatumika ndani. Lakini haimkatazi aliye ndani kutengeneza mtambo uliopigwa marufuku na kuuuza nje. Mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International likiwamo, yaliligusa kidonda hili waziwazi. Kile ambacho ni dhambi Brussels kinaweza kupakiwa na kusafirishwa kama bidhaa halali. Nani asiyekumbuka kwamba hata dawa za kuulia wadudu zilizokatazwa Ulaya zimekuwa zikiuzwa katika nchi zetu? Andiko linalosema binadamu ana heshima isiyovunjwa, kisha likanyamaza mzigo unapofika bandarini, limempa heshima hiyo mkazi wa mtaa wake tu.

Kuna ukimya mwingine. Sheria hii imejengwa juu ya mfano wa usalama wa bidhaa, kama vile sheria za vifaa vya umeme au vitu vya kuchezea watoto. Inamwuliza mtengenezaji kama chakula chake kitamdhuru mlaji. Haimwulizi mpishi amelipwa nini. Inapotaja kazi ya kuziwekea data alama, kazi inayofanywa na mikono ya watu ili mtambo ujifunze, inaitaja kama suala la ubora wa data. Mikono yenyewe haimo.

Nayo mikono hiyo ipo, na mingi iko jirani na sisi. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa Kenya walioajiriwa na kampuni ya Sama, kwa kazi ya kampuni ya OpenAI, walivyokuwa wakisoma na kupanga maelezo ya ukatili na ya udhalilishaji wa watoto ili mtambo ufundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Waliondoka na ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Usafi tunaousifu katika majibu ya mitambo hii, ile lugha yake ya upole isiyotukana mtu, ulifuliwa na watu waliolazimika kugusa uchafu wote kwa macho yao. Nikiulizwa kipimo cha andiko lolote la maadili ya akili mnemba, nitasema hiki: je, kijana yule wa Nairobi yumo ndani yake? Katika lile la UNESCO yumo kwa mbali, kama sehemu ya "wafanyakazi". Katika lile la Ulaya hayumo.

Lipo andiko la tatu, Mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu akili mnemba, haki za binadamu, demokrasia na utawala wa sheria, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 5 Septemba 2024 huko Vilnius. Uzuri wake ni kwamba ni mkataba wa kufunga, na nchi zisizo za Ulaya zaweza kujiunga. Marekani ilitia saini siku ileile. Lakini unapofika kwenye kampuni binafsi unamwachia kila mtia saini achague kama atazitumia kanuni za mkataba moja kwa moja kwa kampuni hizo au atachukua hatua nyingine. Usalama wa taifa umewekwa nje. Hapo ndipo unapotambua kwamba sauti ya sharti inaweza kubeba moyo wa ombi. Na saini yenyewe si jiwe. Oktoba 2023 Rais Biden alitoa amri kubwa kuhusu usalama wa akili mnemba. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya utawala wake mpya, Rais Trump akaifuta. Mwezi uliofuata, katika mkutano wa Paris, Marekani na Uingereza zilikataa kutia saini tamko la pamoja. Novemba 2025, Tume ya Ulaya nayo ilipendekeza kusogeza mbele baadhi ya masharti mazito ya sheria yake, kabla hata hayajaanza kutumika.

Huenda msomaji akasema: mwandishi huyu anawahukumu wageni na kuwaacha ndugu zake. La. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkakati wake wa Bara kuhusu akili mnemba mwezi Julai 2024 mjini Accra. Umezungumza kwa haki juu ya lugha zetu, data zetu na vijana wetu. Lakini mkakati ni mpango, na mpango hauna mahakama. Tena tunayo historia ya kutuonya. Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mitandao na ulinzi wa data binafsi ulipitishwa mwaka 2014. Ulihitaji nchi 15 kuuridhia ili uanze kutumika, na nchi hizo hazikupatikana hadi mwaka 2023. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Malabo alikuwa amekwisha kupewa simu ya kuchezea kabla mkataba wa kumlinda haujaanza kazi. Hapa hatuwezi kumlaumu mkoloni. Karatasi zilikuwa mezani petu wenyewe.

Na bado, nilipokuwa nimekaribia kukata tamaa na maandiko yote makubwa, nilikutana na maandiko madogo yaliyonirudishia imani. Hayakutoka Paris wala Brussels. Yalitoka katika mahakama za Nairobi.

La kwanza linahusu wafanyakazi waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya Facebook, kazi iliyo ndugu ya ile niliyoieleza. Mwaka 2022 mmoja wao alifungua kesi. Kampuni ya Meta ilijitetea kwamba haikusajiliwa Kenya, kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kesi iendelee. Hakukuwa na sheria yoyote maalumu ya akili mnemba. Kulikuwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 41 yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Kila mtu. Katika maneno hayo mawili kijana wa Nairobi yumo.

La pili linahusu Worldcoin, mradi ulioanzishwa na Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kwa hoja kwamba dunia ya akili mnemba itahitaji njia ya kuthibitisha nani ni binadamu. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kiasi cha shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za miili ya watu zifutwe, chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kutumia sheria ya mwaka 2019. Na huko Hispania, mamlaka ya ulinzi wa data ilikuwa imekwisha kuuzuia mradi huohuo mwezi Machi 2024. Nchi mbili, bara mbili, lugha mbili, hazikukaa mkutano wala kutoa tamko la pamoja; kila moja ilifungua sheria yake ya nyumbani, na zote mbili zikasema: jicho la mtu si bidhaa ya kuchukuliwa hivi.

Sisemi kwamba mahakama za nyumbani zatosha. Kesi huchukua miaka, na mfanyakazi aliyefukuzwa hali kesi. Kampuni yaweza kuhamisha kazi hadi nchi ambayo sheria yake imelala. Ndiyo maana nchi zahitaji kushirikiana, na katika Afrika ya Mashariki zaidi, ili Kenya isiadhibiwe kwa kuwa na mahakama macho. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ina yake; hazitasaidia sana kama kila moja itamlinda raia hadi mpakani Namanga tu. Ninachosema ni kwamba ushirikiano wa namna hiyo ujengwe kuanzia kwa mtu aliyeumizwa na mlango anaoweza kuubisha, badala ya kuanzia kwa orodha ya maadili mazuri ambayo hakuna anayeyapinga.

Na mlango huo uwe na lugha. Sheria ya Umoja wa Ulaya imechapwa katika lugha 24, na zote zina nguvu sawa. Kimalta kimo, lugha ya watu wapatao nusu milioni, na ni haki yao. UNESCO yenyewe husema kwamba Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200; tangu mwaka 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Lakini lugha za kazi za UNESCO ni sita, na yetu si mojawapo. Tumepewa siku ya kusherehekea Kiswahili. Bado hatujakipa kazi ya kusema, kwa sentensi iliyo wazi, nani amekatazwa kufanya nini. Mtu hawezi kudai haki ambayo hajaisoma, na jirani yangu fundi redio hataisoma kwa Kifaransa.

Kwa hiyo, msomaji, andiko jingine la maadili ya akili mnemba litakapotangazwa, nalo litatangazwa, nakuomba usiyahesabu maneno yake mazuri. Tafuta kitenzi, uone kama kina mtendaji. Tafuta mpaka, uone kama sharti linaufuata mzigo unapouvuka. Kisha mtafute yule kijana aliyekaa mbele ya kompyuta Nairobi, akisoma usiku kucha mambo ambayo sisi hatutaki kuyasoma. Kama hayumo, andiko hilo bado ni rasimu, hata kama limetiwa saini na dunia nzima.